Nilivyowakalisha watu bandani kwa muvi ya majambazi inayogeuka ya wanyonya damu

"Ruka mwanzo, wawekee pale wanapotoa meno." Ushauri huo nilipewa na mwenye banda la kuonyeshea muvi, nikapewa na jamaa anayejaza muvi kwenye flashi, nikapewa hata na binamu yangu ambaye muvi yenyewe hajawahi kuiona. Nasema kwa kinywa kipana kwamba walikosea wote, na ushahidi ninao: banda zima la Tandika lilisimama wima usiku wa manane.

Muvi ni From Dusk Till Dawn ya mwaka 1996. Kama hujaiona, ishia hapa ukaitafute kwanza, kwa sababu siwezi kusimulia nilichofanya bila kukuharibia.

Aliyeiongoza ni Robert Rodriguez, aliyeiandika ni Quentin Tarantino, na Tarantino huyohuyo anacheza kama Richie, mdogo wa Seth, ambaye anachezwa na George Clooney. Kwa karibu saa nzima unaangalia majambazi. Ndugu wawili wanakimbia polisi Texas, wanamteka mchungaji na watoto wake wawili, wanalazimisha kuvushwa mpaka kuingia Mexico ndani ya gari la familia ile. Hakuna jeneza wala popo. Wanafika baa ya madereva wa malori, Salma Hayek anacheza na joka mabegani, ugomvi unazuka, damu inamtoka Richie mkononi, na papo hapo unajikuta ndani ya muvi nyingine kabisa. Kwangu mimi mgeuko ule ni kati ya vitu vitamu kuliko vyote kwenye sinema, na nilitaka watu wa mtaani kwetu waupate kama nilivyoupata mimi, bila kutonywa.

Mara ya kwanza rimoti ilikuwa mikononi mwa mwenye banda. Mechi ilikuwa imeisha, watu wamebaki, akasema watu wa hapa wanataka vitendo, akasogeza mbele mpaka baani. Ilikuwa balaa. Watu waliona sura za mpira zenye meno, wakacheka. Seth hawamjui, kwa hiyo hata akipigwa hawajali. Mchungaji hawamjui, hawaelewi kwa nini anasita kushika msalaba, kwa sababu hawakumsikia akieleza jinsi alivyopoteza imani baada ya kifo cha mkewe. Dakika ishirini hazikufika, mtu akaomba wawekewe tena magoli. Mwenye banda akanigeukia: "Si nilikwambia mdogo wangu, watu hawataki vitu vya kizamani?" Nilikasirika mpaka nikashindwa kumjibu. Amekata kichwa cha samaki halafu anashangaa samaki haogelei!

Ilinichukua muda mrefu kumshawishi anirudishie usiku mmoja. Nikakubali mafuta ya jenereta yawe juu yangu, kama elfu ishirini na ushee, naye achukue viingilio vyote, buku kwa kichwa. Sharti langu likawa moja: rimoti nashika mimi.

Nikamfuata yule wa flashi, nikamwomba asimuuzie mtu muvi ile mpaka nimalize. Ubaoni nje nikaandika kwa chaki MAJAMBAZI WAWILI NA MCHUNGAJI, bila picha yoyote, maana kava lake lina siri yote. Watoto niliwazuia mlangoni na nilikuwa mkali kwelikweli. Ile si muvi ya mtoto, na anayewachanganya watoto humo anatuharibia wote.

Kisha nikachukua maiki nikatafsiri mwenyewe, kama wale watafsiri tuliokua nao kwenye vibanda. Nia yangu ilikuwa moja tu, kuwafanya wampende steringi na wamwogope mdogo wake. Kila Richie alipomwangalia vibaya binti wa mchungaji, nilishusha sauti. Seth alipoahidi kwamba familia ile itaachiwa ikifika salama, niliirudia ahadi ile ili ikae vichwani. Watu wakaanza kubishana kama mchungaji atatoroka. Jamaa mmoja akaweka dau la soda kwamba polisi watawakuta mpakani. Wamenasa! Wanaangalia muvi ya majambazi kwa moyo wote.

Joka lilipotokea nikaongeza sabufa. Damu ilipomtoka Richie nikazima maiki.

Hapo ndipo palipo na ujanja wangu wote, na nautetea mpaka kesho. Mtafsiri hanyamazi hata siku moja. Watu wamezoea kuongozwa. Sauti ilipokatika ghafla na sura ya yule dada ikageuka, banda lilikosa mtu wa kuliambia nini kinaendelea. Nikasikia kiti kinaanguka. Jamaa wa mbele akageuka akanipigia kelele, "We dogo, umebadilisha muvi!" Mwenye banda, ambaye aliwahi kuiona nusu ya pili kwa macho yake, alikuja mbio kuangalia laptopu kama nimechomeka flashi nyingine. Sikumjibu mtu. Mama ntilie wa ng'ambo ya barabara, ambaye haingiagi bandani, alivutwa na kelele akasimama mlangoni. Mchungaji alipokutanisha bunduki na gongo la besiboli vikawa msalaba, ni mama huyo aliyepaza sauti: "Omba, baba mchungaji, omba!" Na banda likamwitikia.

Niliporudi kwenye maiki nilikuwa na majibu tayari. Mtu alilalamika kwamba damu ya kijani ni feki. Nikamwambia ilifanywa kijani makusudi, kwa sababu wanaopanga madaraja ya muvi Marekani wangeibana sana kama damu yote ile ingekuwa nyekundu. Mzee mmoja alimtambua Fred Williamson, akasema alimwona sinema miaka ya sabini, na ni kweli, yule ni nguli wa muvi za Wamarekani weusi za wakati huo. Yule mwenye mjeledi ni Tom Savini, fundi wa majeraha ya bandia kwenye muvi kibao za kutisha. Mambo kama haya yajue kabla hujakaa mbele za watu, wanauliza.

Baada ya usiku ule nilipewa nafasi bila kuomba. Nikaleta Planet Terror ya 2007, ya Rodriguez tena, iliyochakazwa makusudi ifanane na mikanda ya kumbi za bei chee za 42nd Street kule New York, ambako kopi moja ilizungushwa ukumbi hadi ukumbi mpaka ikakatika vipande. Inapofika penzi limekolea, picha inaungua, maandishi yanasema mkanda umepotea, na picha ikirudi mgahawa unawaka moto hujui kwa nini. Bandani walilipuka kunidai chenji! Watu waliolelewa na CD zenye mikwaruzo waliielewa kuliko mchambuzi yeyote, wakajaza wenyewe kilichopotea, kila mtu na toleo lake.

Sasa hivi madogo wananijia na Sinners, ya Ryan Coogler ya 2025. Nawapongeza, naipenda sana: Mississippi ya 1932, mapacha wanafungua ukumbi wa muziki, na wanyonya damu wanasubiri nje mpaka wakaribishwe. Lakini wakiniambia hawajawahi kuona muvi inayochelewesha meno namna ile, nawakalisha chini na ya 1996, ambayo Coogler mwenyewe ameitaja kuwa ilimwathiri. Kisha nawapa Blacula ya 1972. Usidanganywe na jina lake la kibiashara. William Marshall anamcheza Mamuwalde, mwana wa mfalme kutoka Afrika anayekwenda kwa Dracula mwaka 1780 kuomba msaada wa kukomesha biashara ya watumwa, na jibu analopata ni kung'atwa na kufungiwa jenezani. Marshall anasimama kwa heshima ya mfalme kila anapotokea. Ile naitafsiri polepole na maiki siizimi, kwa sababu maneno yake yanastahili kusikika.

Inayofuata ni The Legend of the 7 Golden Vampires ya 1974, Waingereza wa Hammer na Wachina wa Shaw Brothers pamoja, Peter Cushing katikati ya kung fu. Ubaoni nitaandika MUVI YA KICHINA. Mwenye banda ameshaahidi mafuta ya jenereta yatakuwa juu yake.