Miti Imebaki Kambini, Watu Wameondoka

Ukitoka Mafinga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kushika njia ya kwenda Mgololo, kwa muda mrefu huoni kitu ila mapaini. Kushoto mapaini, kulia mapaini, mara moja moja bonde lenye vinyungu vya mboga na viazi, halafu mapaini tena. Mgeni anayepita hapo hawezi kukuelewa ukimwambia kwamba katikati ya miti hiyo kuna mji wa mbao uliokufa. Atakuuliza umekufaje wakati malighafi yote hii ipo.

Hilo ndilo nataka kulieleza, maana kila nikilizungumza hapa Uyole, Mbeya, ninakouzia mbao, watu wananijibu haraka kwamba miti iliisha. Haikuisha. Shamba la miti la serikali la Sao Hill peke yake, ambako miti ya majaribio ilianza kupandwa 1939, lina eneo la zaidi ya hekta 130,000. Ukiongeza miti ya watu binafsi iliyopandwa vijijini tangu miaka ya 2000, Mufindi ya leo ina miti mingi kuliko ile niliyoiona nikiwa mtoto. Kilichoondoka kwetu ni kazi ya kuigeuza miti hiyo kuwa mbao, na kazi ikiondoka mahali, watu hawachukui muda kuifuata.

Kwetu tunapaita Kambini. Palikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao cha shirika la umma, nyumba za wafanyakazi zilizojengwa kwa mbao, zahanati, shule ya msingi, duka la ushirika na uwanja wa mpira uliolala upande mmoja kwa sababu Mufindi hakuna tambarare ya kumtosha kila mtu. Wafanyakazi walitoka pande zote: Wahehe na Wabena wa karibu, Wakinga wa Makete, Wanyakyusa wa Rungwe, Wangoni wa Songea. Asubuhi ungesikia "kamwene" na "ugonile" mlango kwa mlango, lakini kiwandani wote walisema Kiswahili, na sisi watoto tulikua nacho hicho.

Baba yangu alikuwa fundi wa misumeno. Watu wengi wakifikiria kiwanda cha mbao wanamfikiria anayeangusha mti, au anayesukuma gogo mezani. Mimi niliyelelewa na mshahara wa fundi wa misumeno najua kwamba kiwanda kizima kilisimama juu ya chumba kidogo kilichokuwa nyuma ya boila. Msumeno wa bendi ni ukanda mrefu wa chuma chembamba unaozunguka magurudumu mawili. Ukikata mapaini tangu asubuhi, utomvu unaganda kwenye meno, meno yanakuwa butu, na chuma kinapata moto na kulegea. Ukiendelea nao hivyo, msumeno unaanza kutembea ndani ya gogo, na ubao unatoka mnene huku na mwembamba kule. Basi inabidi ushushwe, ufutwe kwa dizeli, unolewe jino baada ya jino, na bapa lake lirudishiwe mkazo wake kwa nyundo na rola.

Kazi hii ya mwisho ndiyo iliyokuwa ngumu. Baba alilaza rula ya chuma juu ya bapa la msumeno, akainama, akatazama mwanga unaopita chini ya rula. Mwanga ukipita mahali pasipotakiwa, aligonga kidogo, akatazama tena. Hakuna kitabu kilichokuwa kikimwelekeza. Alifundishwa na mtu aliyefundishwa na wataalamu waliokuja na mashine, na yeye alimfundisha mdogo wake, baba yangu mdogo, ambaye yupo hai mpaka leo na bado macho yake yanaona.

Kwa sababu ya chumba kile, mbao ya Kambini ilikuwa na unene mmoja kutoka ncha hadi ncha. Ilikaushwa kwenye tanuri, boila ikilishwa mabanzi na maranda ya kiwanda chenyewe, hivyo hata uchafu wa mti ulikuwa na kazi. Mnunuzi akiagiza mbili kwa nne, alipata mbili kwa nne. Leo nikipokea mzigo hapa Uyole, naanza kwa kutoa futi mfukoni na kupima ncha zote mbili, na mara nyingi nakuta upande mmoja umepungukiwa nusu inchi. Fundi anayeezeka nyumba kwa mbao hizo anahangaika kuweka vipande vya kunyanyulia ili bati likae sawa, na mwenye nyumba anadhani fundi wake ndiye mbovu.

Kiwanda chetu hakikufungwa siku moja. Misumeno na vipuri vilitoka nje, na fedha za kigeni zilikuwa adimu. Kwanza tanuri lilizimwa. Halafu zamu ya usiku ikaondolewa. Halafu mishahara ikaanza kuchelewa, mwezi, miezi, na duka la ushirika likawa linakopesha sukari kwa daftari. Hiyo ndiyo miaka ya 1990, wakati mashirika ya umma nchi nzima yalikuwa yakipangiwa kurekebishwa na kuuzwa. Hata kule Mgololo, kiwanda kikubwa cha karatasi kilichoanza uzalishaji 1985, na ambacho sehemu kubwa ya mapaini ya Sao Hill ilipandwa kwa ajili yake, kilisimama miaka hiyo hiyo. Mgololo ilipata mnunuzi 2004 na mashine zikarudi kuzunguka. Kambini haikupata mnunuzi wa kiwanda. Ilipata wanunuzi wa vyuma. Mashine ya bendi ilifunguliwa, ikapakiwa kwenye lori, na wanaume walioihudumia maisha yao yote wakaitwa kusaidia kuipandisha, kwa malipo ya siku moja.

Baada ya hapo ikaja dingdong. Msomaji wa Mufindi au Njombe hahitaji maelezo, ila kwa wengine: ni mashine ndogo ya kupasulia, injini ya dizeli inazungusha msumeno wa duara kwenye fremu ya chuma, gogo linasukumwa kwa mikono. Inavutwa hadi msituni, inafungwa palipoangushwa miti, na miti ikiisha hapo inahamishwa. Siilaumu. Imewafanya watu wengi wadogo waingie kwenye biashara ya mbao, wakiwemo wanawake, nami ni mmoja wao. Mtu mwenye shamba la ekari mbili hawezi kupeleka magogo yake kilometa nyingi kwa barabara ya udongo wakati wa masika, lakini dingdong inamfuata.

Lakini hesabu yake inatuumiza. Msumeno wa bendi ulionolewa vizuri unakula milimita mbili au tatu za ubao kila unapopita. Ule wa duara unakula mara mbili ya hapo au zaidi, na kama haujanolewa vizuri, unakula zaidi tena na kuacha ubao uliopinda. Piga hesabu gogo moja lipitiwe mara nane au kumi. Mbao ngapi zimegeuka vumbi? Na vumbi lile linabaki msituni, chungu kwa chungu, ambako wakati wa kiangazi ni chakula cha moto. Kuna mahali nimeona gogo zuri kabisa likitoa mbao pungufu ya nusu yake, na aliyelipanda kalisubiri miaka.

Tena dingdong haijengi mji. Wapasuaji wanalala kwenye turubai, wanalipwa kwa kipande, wanakula kwa mama lishe anayehama nao, na wakimaliza wanakwenda. Hakuna anayepeleka mtoto shule Kambini kwa sababu ya kazi ya wiki tatu. Hakuna anayepaka rangi nyumba. Zile nyumba za mbao za kiwanda, zisipopakwa dawa na kuzibwa mapaa, zinaoza haraka katika ukungu wetu. Nyingi zimebomolewa kuwa kuni. Zahanati imebaki jengo. Shule ipo, bado ipo, lakini madarasa mengine yana mahindi ya mtu.

Halafu kuna jambo la ardhi, ambalo wazee hawapendi kuliongea mbele ya wageni. Mshahara ulipokauka, watu waliuza mashamba. Wanunuzi walikuja kutoka mijini, wengine kutoka Dar es Salaam, wakitaka mahali pa kupanda miti kama akiba ya uzeeni. Sio kosa kutaka hivyo. Ila ekari iliuzwa kwa bei ya baiskeli, na mwaka uliofuata aliyeuza alikuwa akilipwa kibarua kupanda miche kwenye shamba lililokuwa la baba yake. Miche ikakua. Sasa Kambini imezungukwa na miti ya watu ambao hawajawahi kulala hapo hata usiku mmoja, na mtu anayetaka pa kulima mahindi anatembea mbali. Ndiyo maana nasema kwetu miti iliongezeka na watu wakapungua kwa pamoja.

Wa kwanza kuondoka walikuwa mabinti. Hapa naomba nisilainishe maneno. Iringa nzima inajulikana mijini kama mahali pa kupata msichana wa kazi, na Kambini ilitoa sehemu yake. Binti alimaliza darasa la saba, wiki mbili baadaye yupo kwenye basi na shangazi ambaye si shangazi yake. Katika mstari wetu wa nyumba, karibu kila mlango uliondokewa hivyo. Baadhi walirudi na watoto, baadhi wamejenga maisha mazuri huko na wanatuma hela, na wapo ambao tuliwarudisha wagonjwa tukawazika chini ya mapaini. Nikisikia mtu anasema wasichana wa Iringa ni wachapakazi na watiifu, namkumbuka kila mmoja wao kwa sura.

Kazi yenyewe haikupotea duniani. Sehemu kubwa ilihamia Mafinga, kando ya barabara kuu. Huko sasa kuna viwanda vya marini bodi, yaani mbao za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, vinavyomenya magogo kama mtu anavyomenya kiazi, na vinapokea hata magogo membamba. Ni soko, na wenye miti wamefurahi. Lakini kwa sababu gogo jembamba linauzika, mtu mwenye ada ya shule ya kulipa anavuna mpaini wa miaka minane, tisa. Zamani mpaini wa mbao ulisubiriwa hata miaka 25. Mti mchanga hauna mbao ya kuaminika: kiini chake ni laini, ukikauka unajikunja, msumari haushiki vizuri. Wanaoupeleka sokoni kama mbao za kenchi wanatuharibia jina sote. Na wengine sasa wanang'oa miti kabisa na kupanda parachichi. Huyo simlaumu hata kidogo. Parachichi inalipa kila mwaka, mti unalipa mara moja.

Miaka ya karibuni palikuja programu ya Panda Miti Kibiashara, kwa ushirikiano wa serikali yetu na Finland, ikahimiza mbegu bora na vyama vya wakulima wa miti. Kijiji jirani na kwetu kina chama kinachofanya kazi. Wanavuna kwa zamu, wanazungumza bei pamoja, na dalali hawezi kumwambia huyu bei hii na yule bei ile. Nimewanunulia mbao mwenyewe. Zimepimika.

Ndiyo maana naandika sasa. Uwanja wa kiwanda cha zamani, pamoja na banda la misumeno ambalo kuta zake bado zimesimama, ni mali ya kijiji, na kuna mtu ameomba auziwe. Mkutano wa kijiji utakaa kulijadili. Nitakwenda, kwa kuwa nyumba ya mama yangu ipo pale na nina haki ya kusimama na kusema.

Nitaomba uwanja usiuzwe. Laini ya umeme wa vijijini, wa REA, inapita karibu na shule. Nitaomba serikali ya kijiji iandike barua ya kuombewa umeme wa fezi tatu, maana bila huo hakuna mashine ya bendi ya kueleweka. Banda lipewe chama cha wakulima wa miti, kikianzishwa, na wenye miti wa mijini waambiwe wazi kwamba wakipasulia hapo wanapata mbao nyingi zaidi kwa gogo lile lile. Mimi niko tayari kununua mzigo wa kwanza na kulipa nusu kabla haujapasuliwa. Wafanyabiashara wenzangu wawili wa Uyole wamekubali kufanya hivyo hivyo.

Na nitaomba vijana wawili, mmoja awe binti, wakae na baba mdogo wajifunze kunoa. Nilikwenda kumsalimia nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akanywa ulanzi wake, akasema, "Mwanangu, nitawafundisha. Lakini nioneshe kwanza ni mashine ya upana gani, maana wakinunua ya msumeno mwembamba wa kutupa, hakuna cha kunoa pale." Nimempelekea picha za mashine tatu. Mbili amezikataa.