Pikapu, karavani na boti nyuma: safari ya ziwani bila kupiga rivasi

Hapa jimboni Minnesota, Marekani, utakutana barabarani na msafara wa vitu vitatu vilivyoungana: mbele pikapu, katikati karavani, yaani nyumba ya kuvutwa, nyuma kabisa boti ndogo ya aluminiamu juu ya tela lake. Mimi ni mmoja wa wanaosafiri hivyo. Kazi yangu ni lori. Nilianzia matela ya Dar kwenda Tunduma, sasa navuta semi, lile tela kubwa ambalo mbele yake hulalia kichwa cha lori. Waswahili wenzangu wa Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, wengi wao madereva, wananiuliza kila msimu wa uvuvi unapofunguliwa mwezi Mei ninavyofanya, kwa hiyo nayaandika hapa mara moja yaishe.

Karavani ninayoizungumzia ni ya shingo. Mbele ina kingpini, pini nene ya chuma, inayokaa kwenye sahani iliyofungwa ndani ya bodi ya pikapu, juu ya ekseli ya nyuma, kama semi. Hiyo ndiyo inayoruhusiwa kubeba kitu cha tatu nyuma yake. Karavani ya kawaida, ile inayovutwa nyuma ya bampa la pikapu, sheria ya hapa haiitambui kwa safari ya namna hii, na hata ingeitambua nisingeifanya. Inayumba yenyewe kabla hujaiongezea mzigo.

Sheria ya Minnesota inataka mambo machache, lakini inayataka kweli. Dereva awe na miaka 18 au zaidi. Vyombo visizidi vitatu. Uwezo wa pikapu wa kuvuta utoshe uzito wa vyote viwili vya nyuma kwa pamoja. Na urefu wote usizidi futi 70. Wangu niliupima kwa futi kamba, kutoka bampa la mbele mpaka propela ya mashine ya boti ikiwa imeinuliwa, ukaja futi 65 na inchi kadhaa. Pimeni mpaka propela jamani, maana watu wengi hupima mpaka mwisho wa tela, na ile mashine ikiinuliwa inatoka nje.

Kisha kuna la saa. Ndani ya kaunti saba za Minneapolis na St. Paul, msafara huu hauruhusiwi barabarani Jumatatu hadi Ijumaa kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 3, na tena saa 10 jioni hadi saa 1 usiku. Sasa fikiria Ijumaa jioni, wakati mji mzima unaelekea kaskazini ziwani, wewe umekaa uani unaangalia saa. Mimi huondoka Jumamosi alfajiri, siku ambayo katazo halipo. Nikishika barabara ya 169, nikavuka mto Mississippi na kufika Elk River, nimeshatoka kwenye zile kaunti saba.

Nje ya jimbo ni habari nyingine. Majimbo jirani ya Dakota, yote mawili, wanakubali, kwa vipimo vyao. Florida, Oregon na Washington hawataki kabisa. Usivuke mpaka kwa kutegemea kwamba kwenu inaruhusiwa. Na mpigie simu mtu wa bima umuulize kama chombo cha tatu kimo kwenye bima yako, akuandikie jibu.

Uzito ndio moyo wa jambo hili. Karavani yangu ikiwa imepakiwa ni kama kilo 4,500, na kingpini inalalia pikapu kwa kilo 900 hivi, yaani asilimia 20, panapotakiwa. Boti ni ya futi 14, na ukijumlisha mashine yake ya farasi 15 na tela, yote ni kilo 400 au pungufu. Shingo ya tela lake inaweka kilo 40 kwenye mpira wa chuma nyuma ya karavani. Mtu anasema kilo 40 ni kitu gani? Lakini mpira ule uko mita 3.4 nyuma ya ekseli za karavani, na kingpini iko mita 5.5 mbele ya ekseli hizo. Ukikandamiza mkia, kichwa kinainuka: zile kilo 40 zinaondoa karibu kilo 25 kwenye kingpini, na ekseli za karavani zinabeba kilo 65 badala ya 40. Kwa boti yangu hilo linavumilika. Ila usiongeze mengine nyuma. Tenki la maji safi la karavani yangu liko nyuma ya ekseli, kwa hiyo nasafiri likiwa tupu, najaza nikifika. Makasha ya barafu na vyombo vya kupikia vinakaa mbele.

Halafu napita mizani. Vituo vikubwa vya malori vina mizani ya kulipia inayotoa uzito wa kila kundi la ekseli, na haijali kama wewe ni semi au mtu wa likizo. Aliyepita mizani ya Vigwaza, kule njia ya Dar kwenda Morogoro, hahitaji kuelezwa. Tofauti ni kwamba hapa unajipima kwa hiari yako, na risiti unakaa nayo wewe.

Pa kuifungia boti ndipo palipochukua muda mrefu kuliko yote. Bampa la nyuma la karavani nyingi ni bomba la pembe nne lenye bati jembamba. Kazi yake kubwa ni kuhifadhi ule mpira wa kumwagia maji machafu. Baadhi ya karavani huja na tundu la kuchomeka chuma cha kuvutia, lakini soma kitabu cha mtengenezaji: mara nyingi limewekwa kwa ajili ya kubebea baiskeli tu, na ukivutia kitu unapoteza waranti. Mimi nilikwenda kwa mafundi wanaotengeneza vyuma vya kuvutia, wakanifungia fremu inayoshika mihimili yote miwili ya chesisi kwa bolti, bampa halikuguswa. Fremu ya karavani hii iko juu sana, kwa hiyo waliteremsha mpira wa chuma ili tela la boti lisimame sawasawa na barabara. Minyororo miwili inapita chini ya shingo ikiwa imepishana.

Umeme ni kazi ndogo. Nimevuta waya mpya kutoka kwenye kisanduku cha mbele cha karavani hadi nyuma, na tela la boti lina taa za LED zisizokula umeme. Breki tela hilo halina na halilazimiki kuwa nazo, kwa kuwa sheria inazidai kuanzia kilo 1,360. Karavani ina breki zake za umeme ninazozirekebisha kutoka kwenye kebini ya pikapu, na hizo nazikagua kila safari.

Barabarani, jambo la kwanza utakaloshangaa ni kwamba boti huioni. Kwenye mnyoofu karavani inaificha yote. Kwenye kona inachungulia kidogo kwenye saiti mira, kisha inapotea. Tairi lake linaweza kupasuka na pikapu ya dizeli isihisi lolote. Nimefunga kamera nyuma ya karavani inayoitazama boti muda wote, na vitambuzi vya upepo kwenye matairi yote. Matairi ya tela la boti ni madogo, yanazunguka mara nyingi kuliko mengine, hivyo beringi zinachemka upesi. Kila nikisimama naweka kiganja kwenye kitovu cha gurudumu: vuguvugu sawa, moto hapana. Grisi napiga kabla ya msimu. Mwendo wangu hauzidi kilomita 95 kwa saa.

Na boti inaruka. Barabara za huku hupasuliwa na barafu wakati wa baridi, ikifika Mei zina mabonde, na kwa kuwa mkia wa karavani umetoka mbali nyuma ya ekseli, kila bonde linaurusha juu na chini na boti nayo inafuata. Mikanda inalegea. Naikaza tena baada ya nusu saa ya kwanza, na tena nikifika Garrison, pale kwenye sanamu kubwa la samaki wa walleye kando ya ziwa Mille Lacs. Pana nafasi ya kutosha, na watoto wanalipenda lile samaki.

Sasa rivasi. Mimi ninayerudisha semi kwenye geti la ghala kila siku nakwambia: hairudi. Karavani peke yake unaielekeza utakako. Ukiweka boti nyuma yake kuna maungio mawili, tela lenyewe ni fupi, na linajikunja kabla usukani haujakaa sawa. Kwa hiyo safari nzima inapangwa ili nisihitaji kurudi nyuma popote. Mafuta najaza kwenye pampu za malori, unaingia huku unatokea kule. Sehemu ya kula naitazama kwanza kwenye picha za setilaiti. Barabara inayoishia uani kwa mtu siingii, hata nikiitiwa chai.

Kambi ndiyo yenye mtihani. Hifadhi za jimbo hapa nyingi zina nafasi za kuingia kinyumenyume. Kwa hiyo kwanza napita maegesho ya pale wanaposhushia boti, nafungua tela la boti na kulifunga kwa kufuli. Kisha naipeleka karavani nafasini kama karavani ya kawaida, mama watoto akiwa nyuma na simu ya upepo. Karavani ikishasimama juu ya miguu yake, pikapu inarudi kuchukua boti na kuishusha majini. Siku ya kuondoka ni mpangilio uleule ukigeuzwa. Nikitoa boti ziwani nachomoa kizibo chake, maji yote yamwagike, na kizibo kinabaki nje njia nzima. Ni sheria ya jimbo ya kuzuia viumbe vamizi wa majini, hasa kome wa zebra ambao Mille Lacs wanao tayari.

Mpwa wangu amenunua boti ya futi 18 yenye mashine ya farasi 115 na anataka kufanya hivi hivi. Tulikaa na karatasi. Shingo ya tela lake inakandamiza kilo 130, kwa mahesabu ya karavani yangu hiyo ni kilo 80 kuondoka kwenye kingpini na kilo 210 kuongezeka kwenye ekseli, na urefu tayari unagonga futi 70. Nilimwambia, mjomba, hiyo ivute kwa gari lake peke yake. Mwaka huu mke wake ataendesha pikapu ya pili na boti nyuma, sisi tukitangulia na karavani.