Utamu wa Ugali Mtupu

Ukitaka kuona kazi ya mate, kata tonge dogo la ugali mtupu, usilichovye kwenye mchuzi, kisha ulitafune polepole kwa dakika moja au mbili bila kulimeza. Utamu hafifu utaanza kujitokeza ulimini, ingawa katika unga ule hakuna aliyetia sukari. Utamu huo umetengenezwa papo hapo kinywani, na ndiyo sababu sikubaliani na wanaosema kwamba mmeng'enyo wa chakula huanzia tumboni.

Mate hutoka hasa katika jozi tatu za tezi, yaani zile zilizo mbele ya masikio, zilizo chini ya taya na zilizo chini ya ulimi, nayo hufikia kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Karibu asilimia 99 yake ni maji, lakini katika sehemu ndogo inayobaki kuna ute unaolainisha tonge, chumvichumvi zinazolinda meno, na kimeng'enya cha amilesi, ambacho huukata wanga, ulioundwa kwa minyororo mirefu ya sukari, kuwa vipande vifupi, hasa maltosi, ambayo ndiyo ulimi unaiona tamu. Magego huisaidia amilesi kwa kusaga chakula ili mate yapenye kila upande. Nyama haipati msaada huo: itasagwa na kulowa, lakini protini yake itafika tumboni ikiwa bado haijavunjwa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba watu hatulingani kwa kiasi cha amilesi tulicho nacho. Jeni inayoitengeneza, AMY1, hujirudia mara nyingi kwa baadhi yetu na mara chache kwa wengine, na kwa jumla mwenye nakala nyingi huwa na amilesi nyingi zaidi katika mate yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 ulilinganisha jamii zinazokula wanga kwa wingi na zile zinazokula kidogo, na miongoni mwao zilikuwamo jamii mbili za Tanzania: Wahadzabe, ambao huwinda, hurina asali na kuchimba mizizi yenye wanga, na Wadatoga, wafugaji ambao kwa jadi hutegemea sana maziwa na nyama. Kundi la wala wanga, walimowekwa Wahadzabe pamoja na Wajapani, lilikuwa na wastani wa nakala zaidi ya 6. Kundi la pili, la Wadatoga na Wambuti wa Kongo, lilikuwa na zaidi kidogo ya 5. Sokwe mtu kwa kawaida ana 2 tu.

Huo ni wastani, na haiwezekani kumtazama mtu mmoja mmoja ukajua ana nakala ngapi kwa kabila lake tu. Wala mwenye nakala chache hashindwi kula ugali. Asidi ya tumbo huizima amilesi ya mate pindi inapopenya ndani ya tonge, na wanga uliobaki huendelea hadi kwenye utumbo mwembamba, ambako kongosho humwaga amilesi yake yenyewe na kuimalizia kazi iliyoanzwa na mate.