Ubahili, ubishi na shuka la viraka

Mimi ni seremala. Mwaka 2021 nilikuwa napaua nyumba ya mtu hapa Tanga, nikateleza kutoka juu ya kenchi na kuvunjika mguu wa kulia mahali pawili, chini ya goti. Nikafungwa hogo, nikaambiwa nisikanyage chini kwa wiki 12. Mtu aliyezoea kushika randa tangu jua halijachomoza, ukimweka barazani bila kazi, siku ya tano anaanza kugombana na kuku.

Mke wangu ni fundi cherehani. Anashonea palepale barazani, kwa hiyo tukawa tunashinda pamoja, jambo ambalo kwa miaka 24 ya ndoa hatukuwahi kulijaribu. Chini ya meza yake kuna gunia la mabaki: vipande vya vitenge, pembe za kanga, vitambaa vya sare za shule. Likijaa, vijana wanakwenda kulichoma.

"Mama Asha, mbona mnachoma mali?"

"Mali gani hiyo, Baba Asha? Hapo hata leso ya mtoto haitoki."

Naomba nikiri kitu ambacho mtaa mzima unakijua. Mimi ni bahili. Karakana yangu ina kopo la misumari iliyopinda ambayo nainyoosha kwa nyundo na kuitumia tena, na vijana wangu wananicheka kwa hilo. Basi kuona gunia lile linabebwa kwenda kuchomwa kulinikera kwelikweli. Nililivuta kwangu nikamwaga vyote sakafuni, nikaanza kuvipanga kwa rangi. Hapo ndipo mambo yalipoanza, na yalianza kwa ubahili. Sikuwa na mapenzi yoyote ya sanaa.

Binti yetu alipokuja Jumapili alinikuta katikati ya marundo. Akasema huko nje watu wanashona vipande kama hivi wakapata mashuka mazito ya kitandani, ya tabaka tatu. Kamusi ina neno mfarishi kwa kitu kama hicho, lakini sisi nyumbani tuliliita shuka la viraka na jina likabaki.

Nilitaka kutumia cherehani. Yetu ni Butterfly ya kukanyaga, na mimi sina mguu wa kukanyagia. Ikabaki sindano ya mkono.

Kila ukimwambia mtu kwamba unashona viraka, atakwambia kazi hiyo inataka subira. Hata mimi niliamini hivyo. Lakini subira sina, sijawahi kuwa nayo, na mke wangu atakuapia. Niligundua mapema kwamba subira peke yake haifiki mbali. Unaweza kushona kwa subira kubwa, taratibu, siku nne, ukaupindisha mshono wote.

Hesabu yangu ilikuwa hivi. Nilitaka shuka la inchi 60 kwa 80. Kila mraba ukiwa inchi 4 baada ya kushonwa, unahitaji miraba 15 kwa upana na 20 kwa urefu, jumla 300. Pande zote nne unaacha robo inchi ya kushonea, kwa hiyo kila kipande kinakatwa inchi 4 na nusu. Safu moja ikikamilika inatakiwa kusoma inchi 60 na nusu, kwa sababu kingo mbili za mwisho bado hazijaliwa na mshono. Safu yangu ya kwanza nilipoipima ilisoma 58. Ya pili ilisoma 61.

Nilichukua futi ya mke wangu nikailinganisha na yangu ya chuma, nikidhani yake imevutika. Haikuwa imevutika. Nikarudia hesabu kwa milimita, maana seremala anaelewa milimita. Safu ya miraba 15 ina mishono 14. Kupungukiwa inchi 2 na nusu maana yake kila mshono umekula kama milimita nne na nusu zaidi ya haki yake. Ukiutazama mshono mmoja huoni kosa. Ni kosa dogo kama punje ya mchele lililorudiwa mara 14.

Mke wangu alizitazama zile safu mbili, akanipa wembe. Hakusema neno.

Kufumua ndiko kulikonishinda mwanzoni. Katika mbao, ukikata vibaya umekata vibaya. Unatafuta mbao nyingine au unaficha kosa kwa gundi na vumbi la msumeno. Nimeficha makosa mengi ya namna hiyo, Mungu anisamehe. Kitambaa kinakukubalia urudi nyuma, na ukishakubaliwa kurudi huna tena kisingizio. Usiku ule nilikaa na wembe nikifumua kazi ya siku nne. Nililaani, nilimlaumu aliyetengeneza uzi, lakini nilifumua yote. Tangu hapo nimewaona wanawake wawili na kijana mmoja wakianza kazi hii. Wawili kati yao walikuwa watulivu kuliko mimi, wakaacha. Yule mama aliyebaki ni mkali kama pilipili, ila ana tabia moja: akiona mshono umekosea hawezi kulala nao. Anaufumua palepale huku akisonya. Basi mtu akiniuliza leo nani atafaa kwa kazi hii, mimi siangalii upole wake. Nauliza kama anaweza kuharibu kazi yake ya juzi kwa mkono wake mwenyewe, halafu kesho akarudi.

Sasa ubishi. Mke wangu alisema viraka vinakatwa kwa mkasi na jicho, kama alivyofundishwa. Nilikataa. Nilimtuma kijana karakanani aniletee kipande cha plaiwudi nyembamba, nikatengeneza pateni mbili: moja ya inchi 4 kamili, moja ya inchi 4 na nusu. Nyuma ya kila moja nikagandisha msasa ili isiteleze juu ya kitambaa. Pateni kubwa ya kukatia, ndogo ya kuchorea mstari wa kushona kwa upande wa nyuma, kwa kipande cha sabuni kilichochongwa ncha. Ukiweka vipande viwili uso kwa uso, unachoma pini kwenye pembe ya mstari wa juu, unageuza kuangalia kama imetokea kwenye pembe ya mstari wa chini. Kama haikutokea, unarekebisha kabla ya kushona. Safu ya kwanza ya mtindo huo ilisoma 60 na robo. Mama Asha aliipima mwenyewe mara mbili, akairudisha bila kunisifu. Baada ya wiki pateni yangu ndogo ilikuwa haionekani. Niliikuta kwenye droo ya cherehani yake.

Lakini ubishi huohuo uliniponza kwa pembetatu. Nilichoka na miraba, nikataka kupamba katikati. Ukikata mraba kona kwa kona, upande mrefu wa pembetatu unakuwa mshazari wa nyuzi, na kitambaa kilichokatwa mshazari kinavutika kama mpira. Niliambiwa. Nikajibu kwamba mbao nazo zina nyuzi na nimefanya nazo kazi miaka 30. Mbao huvimba na kusinyaa zaidi kwa upana kuliko kwa urefu, nikadhani najua kila kitu kuhusu nyuzi. Nilizishona, nikazipiga pasi kwa kuisukuma mbele na nyuma kama mtu anayenyoosha kanzu, zikatoka zimejikunja kama chapati iliyoungua. Pasi kwenye viraka unaikandamiza, unainyanyua, unaikandamiza tena. Na upande wa mshazari unaushika kwa vidole viwili tu, kama unavyomshika kifaranga. Nguvu ya mkono, ambayo ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote, hapa ilikuwa adui.

Kuhusu kufua nitasema kwa haraka, kwa kuwa hasara yake haisahauliki. Kanga mpya huja na wanga, nayo husinyaa, na nyekundu huchuja. Fua kila kitu kabla ya kukata. Ukiwa na shaka na rangi, lowesha kitambaa cheupe, kiweke juu ya kile chenye rangi, piga pasi; kikinyonya wekundu, fua tena au kiache. Mimi nililijua hili baada ya safu tatu kugeuka pinki.

Katika kipindi kile cha kukata tamaa binti yangu alinionyesha kwenye simu mashuka ya wanawake wa Gee's Bend, kijiji cha Alabama huko Marekani, wazao wa watu waliokuwa watumwa kwenye mashamba ya pamba. Walishona kwa suruali za kazi zilizochakaa, na mwaka 2002 mashuka yao yakatundikwa kwenye makumbusho ya sanaa ya Houston. Mistari yao imepinda, vipande havilingani, na bado ukitazama huwezi kuondoa jicho. Nikafurahi mno. Nikamwambia Mama Asha, unaona, kumbe kupinda si kosa.

Akatazama picha kwa muda mrefu. "Hawa wamepinda wakijua wanakopinda. Wewe umepinda kwa bahati mbaya."

Sina jibu mpaka leo.

Mashuka yaliyonisaidia zaidi ni ya Wasiddi wa Karnataka, India, watu wa asili ya Afrika. Baadhi ya wazee wao walitoka pwani hizihizi zetu. Wanawake wao hawana pateni. Wanatandika kitambaa cha chini, wanaanza pembeni, wanaweka kipande, wanakunja ukingo wake, wanashona kwa hatua ndogondogo wakizunguka mpaka wakutane katikati. Pembe nne za mwisho wanazipa vipembetatu vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani maua. Kwao shuka bila maua yale ni kama liko uchi. Nilipoona hivyo nilielewa kuna namna mbili za jicho: la kupanga kabla na la kuamua papo hapo. Mimi ni wa kupanga. Yule mama mkali ni wa kuamua. Kila nilipojaribu njia yake nilitoa takataka, naye akigusa pateni anaanza kupiga miayo. Nadhani mtu anapaswa kujijua yuko upande gani mapema, asije akateseka bure.

Tabaka la chini nililifanya kwa marekani, ile pamba ghafi ambayo jina lake ni kumbukumbu ya wafanyabiashara wa Marekani walioileta Zanzibar karne ya 19. Katikati nilitaka pamba ya godoro. Mke wangu akanikataza: pamba isiyofungwa hujikusanya mafundo ikifuliwa, isipokuwa mishono iwe karibukaribu sana. Na joto la Tanga je? Tukachukua blanketi jepesi la mtumba lililochakaa, likatosha. Nilitengeneza fremu ya mbao yenye miti miwili ya kuviringishia, tukapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, tabaka zote tatu zisihame, nikaanza kushona kupita zote kwa pamoja.

Hapo kidole cha mkono wa chini ndicho kinachoona. Unasukuma sindano kwa subana, ile kofia ya kidole, kutoka juu, kidole cha chini kinahisi ncha imetokeza, kinairudisha. Maana yake kila hatua unachomwa kidogo. Wiki ya kwanza kidole kilikuwa kama kimeng'atwa na siafu. Nilianza na hatua nne kwa inchi, zikiwa kubwa na ndogo kama meno ya mzee, nikamaliza na sita zinazofanana. Wenye kazi yao wanafika kumi na zaidi. Mama Asha aliniambia nisikimbilie udogo, nikimbilie kufanana, na kwa mara ya kwanza nilimtii bila kubisha.

Marafiki zangu walipita na baiskeli zao kila jioni. "Fundi, waambaje? Umeshahamia upande wa akina mama?" Mjini kwetu mafundi cherehani wanaume wamejaa, hakuna anayewacheka. Walichocheka ni mwanamume kushona shuka bila kulipwa. Mmoja wao alianza kukaa, siku ya kwanza kupumzika, siku ya pili kunishikia fremu. Baadaye akawa ananiletea suruali zake za jinzi zilizochanika, akidai anazitupa.

Hogo lilifunguliwa mwezi wa tisa. Shuka lilikamilika mwishoni mwa Novemba, pindo likiwa la kitenge cha bluu. Tulilitandika kitandani, tukasimama mlangoni kulitazama. Mimi nilikuwa nasubiri sifa. Mama Asha aliinamisha kichwa kushoto, kisha kulia, akaenda mpaka safu ya saba kutoka juu, akaweka kidole. Kipande cha kanga chenye maandishi, herufi zote ziko miguu juu. Nilikuwa nimekipita mara elfu bila kukiona.

"Liache," akasema. "Limeshapita tabaka tatu."

Nikamwomba wembe.