Mwalimu wa Kiingereza Huanzia kwenye Kiswahili

Jumapili, usiku. Muhula wa pili umekaribia, na walimu wa mazoezi kutoka vyuo vikuu vya hapa Nairobi watatawanyika shuleni. Wale wa Kiingereza na Fasihi wameshasoma fonolojia, sintaksia, riwaya, ushairi na mbinu za kufundisha. Linalonikera usiku huu ni jambo ambalo wengi wao wataingia darasani bila kulibeba: kujua kosa la mwanafunzi limetoka wapi.

Mfano mdogo. Mwanafunzi anaandika "My mother came home late. He was tired." Mwalimu wa mazoezi anaizungushia "He" wino mwekundu, anaandika "She" juu yake, anafunua ukurasa. Wiki ijayo kosa ni lile lile. Mtoto huyo anajua vizuri kuwa mama yake ni mwanamke. Ila tangu utotoni amesema "alikuwa amechoka", na ile a- haibagui mke na mume. Akirudi nyumbani akazungumza Kikuyu, Kikamba au Dholuo, huko nako hakuna ubaguzi huo. Anapoandika kwa haraka hafanyi uteuzi wowote, anachukua neno lililo karibu. Kumsahihishia neno hakumfundishi kuteua. Mpe aya ya sentensi kumi yenye kaka na dada, achore mshale kutoka kila kiwakilishi hadi kwa mtu anayetajwa. Dakika kumi, mara mbili kwa wiki, kwa mwezi mzima. Ni kazi ya kuchosha, na ndiyo inayofaa.

"A" na "the" ni mlima mrefu zaidi, kwa sababu Kiswahili hakina vibainishi vya aina hiyo. Lakini kina njia yake. Andika ubaoni "nimeona kitabu" na "nimekiona kitabu", kisha uliza ni katika sentensi ipi msemaji na msikilizaji wanakijua kitabu chenyewe. Darasa zima litajibu kwa pamoja. Kutoka hapo kwenda "a book" na "the book" ni hatua fupi. Ulinganifu huo si kamili, na mwalimu aseme hivyo waziwazi, lakini mwanafunzi ameanzia mahali anapopajua. Kanuni sita za vitabu vya sarufi zinaweza kusubiri kipindi kinachofuata.

Halafu kuna sauti. Kiswahili kina irabu 5. Kiingereza sanifu cha Uingereza, ambacho vitabu vyetu hukifuata, huhesabiwa kuwa na takriban 20, ukijumlisha irabu unganifu, yaani mbili zinazotamkwa kwa pamoja. Ndiyo maana "cat", "cut" na "cart" hutoka kinywani kama neno moja. Mkazo nao: sisi huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi "photograph" inatamkwa kwa nguvu katikati, ilhali Kiingereza kinaiweka nguvu hiyo mwanzoni.

Kuna wanaosema matamshi ni madoido tu. Tazama mtihani wenyewe. Kiingereza cha KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari, kina karatasi tatu: 101/1 ina alama 60, 101/2 ina 80, na 101/3 ina 60. Katika ile ya kwanza, alama 30, yaani nusu nzima, ni za stadi za kuzungumza, na zote hutahiniwa kwa maandishi. Mtahiniwa huulizwa neno lipi lina sauti tofauti na mengine, lipi linatamkwa sawa na lipi, mkazo uko wapi. Mwalimu asiyesikia tofauti hiyo atafundisha kwa kukariri majibu ya miaka iliyopita, na swali likija na maneno mapya darasa lote linateleza pamoja naye. Dawa yake ni ya bei nafuu. Teua jozi 20 za maneno, zisome ukijirekodi kwa simu, zisikilize kesho yake asubuhi, kisha ulinganishe na kamusi ya intaneti yenye sauti. Ukifanya hivyo kwa wiki tatu kabla ya muhula kufunguliwa, sikio litaamka.

Kuhusu makaratasi ya mazoezi ya kufundisha nitasema machache, maana hayo ndiyo vyuo huyasisitiza mno. Kipindi ni dakika 40. Andalio la somo lenye shabaha tano litakufa njiani, mbili zinatosha. Usiandike kwamba mwanafunzi "ataelewa", kwa sababu hakuna anayeweza kuuona uelewa ukitokea. Andika "atatofautisha", "atatunga", "atabadilisha". Katika maazimio ya kazi, yaani mpango wa masomo ya muhula, safu ya maoni ibaki tupu hadi somo lifundishwe. Msimamizi kutoka chuoni akikuta maoni ya wiki ijayo yameshajazwa, ameshakujua. Na "somo limefanikiwa" si maoni. "Nusu ya darasa bado inachanganya he na she, nitarudia Alhamisi" ni maoni.

Kinachowavunja moyo wengi ni kusahihisha. Darasa la wanafunzi 50, insha moja kila mmoja, dakika 6 kwa insha: hizo ni saa 5. Ukipewa mikondo miwili, ni saa 10, na bado hujaandaa somo la kesho. Ndipo mwalimu anapoanza kutia vyema bila kusoma, na mwanafunzi hung'amua mapema sana kwamba kazi yake haisomwi. Ni afadhali kuwatangazia kabla hawajaandika: wiki hii nitasahihisha wakati wa vitenzi na viwakilishi peke yake. Makosa mengine yapigie mstari wa penseli uyaache. Ukurasa uliojaa wekundu mtoto huufunga haraka, haufundishi kitu.

Sheng, lugha ya vijana wa mitaani, pia isifukuzwe mlangoni. Waambie waseme ombi moja mara tatu: kwa Sheng kwa rafiki, kwa Kiingereza cha heshima kwa mwalimu mkuu, kisha kwa barua rasmi. Umeshafundisha rejista, yaani lugha inayobadilika kulingana na msikilizaji na mahali, bila kuitaja.

Fasihi nayo isiachwe kama mzigo wa pembeni. Hapa kwetu inafundishwa na Kiingereza kama somo moja lenye gredi moja katika KCSE. Ukitaka kujua kwa nini fasihi simulizi ya Kiafrika ina kiti ndani ya somo la Kiingereza, rudi kwenye hoja waliyoitoa Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba katika kilichokuwa Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi mwaka 1968, wakitaka masomo ya fasihi yaanzie Afrika. Katika mtaala mpya, ambao Gredi ya 10 iliuanza Januari 2026, Kiingereza ni cha lazima kwa wote na Fasihi ya Kiingereza ni somo la kuchagua. Wanafunzi wa 8-4-4, mfumo wa zamani, wanatarajiwa kufanya KCSE ya mwisho 2027. Anayefuzu sasa lazima ajue mifumo yote miwili.

Usajili wa TSC, tume ya kuajiri na kusajili walimu, usiachwe hadi siku ya mahafali. Kufundisha bila kusajiliwa kunakatazwa na sheria ya tume hiyo ya 2012. Kwa sekondari hutazamwa gredi ya C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, pamoja na shahada ya ualimu, au shahada nyingine ikifuatwa na stashahada ya uzamili katika elimu. Cheti cha tabia njema kinahitaji alama za vidole, hivyo kianze mapema. Linalokwamisha wengi ni majina: kitambulisho kina matatu, cheti cha KCSE kina mawili, na shahada imeyapanga kivingine. Yalinganishe mwaka wa tatu, kabla shahada haijachapishwa.

Kwa kesho Jumatatu, daftari moja la mistari linatosha. Gawa ukurasa safu tatu: sentensi ya mwanafunzi kama alivyoiandika, lugha na muundo uliolizaa kosa, na zoezi la kulitibu. Waulize wanafunzi nyumbani wanazungumza nini, uandike. Safu ya tatu ijazwe kwa penseli, maana zoezi la kwanza mara nyingi halikubali.