Chupa ya Maji Kando ya Kitanda

Kwa miaka mitatu nililala na chupa ya maji ya lita moja na nusu kando ya kitanda, na kila asubuhi niliikuta tupu. Niliamini kwamba chupa ile ndiyo iliyokuwa ikiniokoa. Naandika kueleza kwa nini niliiondoa, kwa sababu wenye maradhi kama yangu hushauriwa mno kunywa maji kwa wingi, na ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, mimi binafsi uliniongezea uchovu.

Maradhi yenyewe huitwa Sjögren, kwa jina la Henrik Sjögren, daktari wa macho wa Uswidi ambaye mwaka 1933 aliandika tasnifu kuhusu wanawake 19 waliokuwa na macho makavu, wengi wao wakiwa pia na maumivu ya viungo. Kinga ya mwili, badala ya kupambana na vijidudu, huzigeukia tezi za mate na za machozi, ikazivamia hadi zikashindwa kufanya kazi yake. Katika kila wagonjwa kumi, tisa hivi ni wanawake.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tanga, na dalili ya kwanza niliyoitambua ilikuwa ulimi kunata kwenye kaakaa katikati ya kipindi. Baadaye muhogo wa kuchoma ukawa haushuki bila chai, kisha hata wali ukataka kuelea kwenye mchuzi. Katika zahanati moja nilitibiwa malaria, taifodi na maambukizi ya njia ya mkojo kwa zamu, na mwishowe nikaambiwa kwamba nina msongo wa mawazo, nikapewa amitriptilini ili nipate usingizi. Dawa hiyo, kama zilivyo nyingi za mafua na mzio, hukausha mate. Kwa hiyo kila usiku nilikuwa nikimeza ukavu juu ya ukavu.

Jibu lilipatikana Dar es Salaam. Daktari alining'inizia kikaratasi chembamba kwenye ukingo wa kope ya chini ya kila jicho, akaniambia nifumbe macho, akatazama saa. Baada ya dakika 5 karatasi ya jicho la kulia ilikuwa imelowa milimita 3 tu, na isiyozidi milimita 5 huhesabiwa kuwa dalili ya ukavu. Damu ilionyesha kingamwili ya aina ya Ro, ambayo wagonjwa wengi wa Sjögren huwa nayo. Halafu nikachanwa kidogo ndani ya mdomo wa chini, vikatolewa vitezi vinne vya mate, vidogo kama punje za mtama, vikapelekwa maabara. Nilirudi darasani na mdomo uliovimba, na wanafunzi wangu wa kidato cha pili, kwa adabu zao, walisubiri nigeukie ubao ndipo wakacheka.

Jambo nililochelewa kulielewa ni kwamba mate si maji. Mate yana ute unaoshikamana na nyama za kinywa, yana kalsiamu na fosfati zinazoyarudishia meno kile yanachopoteza baada ya kila mlo, na yana uwezo wa kupunguza ukali wa asidi na kuzuia fangasi. Ninapogugumia bilauri nzima ya maji, nafuu yake hudumu dakika chache, na ule ute kidogo uliobaki unakuwa umesombwa. Mchana hasara hiyo inavumilika. Usiku, lita moja na nusu ilinitoa kitandani mara nne kwenda msalani, nami kila niliporudi nilikuta kinywa kimekauka tena, nikanywa tena. Nilikuwa nikijiamsha mwenyewe, kisha asubuhi nikiulaumu ugonjwa kwa uchovu wote niliokuwa nao.

Sasa feni imeelekezwa miguuni badala ya usoni. Kabla ya kulala nasuuza kinywa, napaka mafuta ya nazi kidogo sana kwenye fizi na upande wa ndani wa mashavu, na kando ya kitanda naweka kikombe kidogo cha kahawa chenye maji ambayo sinywi: nachukua funda moja, nalizungusha, nalitema katika bakuli. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu, kwa maana koo lilikuwa limezoea kugidishwa maji. Siku hizi huamka mara moja, na kuna usiku nisioamka kabisa.

Mchana hutafuna jojo isiyo na sukari, ile yenye zailitoli, ambayo huziamsha tezi zilizobaki hai bila kuwalisha bakteria wa meno. Ndimu na embe bichi la chumvi na pilipili niliviacha kwa huzuni. Ni kweli kwamba uchachu huleta mate, lakini meno yasiyo na mate ya kuyalinda huliwa na asidi, na mimi tayari nilikuwa nimepoteza magego mawili yaliyooza pale yanapokutana na fizi, mahali ambapo ugonjwa huu hupenda kuyashambulia. Dawa ya meno yenye floridi nyingi na kuonana na daktari wa meno kila baada ya miezi minne vimeyanusuru mengine. Nilijaribu pia vidonge vya pilokapini, ambavyo huhimiza tezi kutoa mate. Mate yalikuja, na jasho likaja zaidi yake, gauni likalowa mgongoni mbele ya darasa. Wapo wanaovipenda. Mwenye pumu asivijaribu kabla ya kuongea na daktari wake.

Uchovu ni habari nyingine, na hapo sina kikombe cha kuweka kando ya kitanda. Baada ya usingizi kutengemaa ulipungua, pengine kwa theluthi moja kwa makadirio yangu, lakini sehemu iliyobaki haiondolewi kwa kulala: ni uzito wa mwili mzima, kama mtu aliyevaa nguo zilizolowa. Kwanza daktari alipima wingi wa damu na tezi ya shingo, maana maradhi ya tezi hiyo huandamana sana na Sjögren na yana tiba yake. Vyote vilikuwa salama. Natumia haidroksiklorokwini kwa ajili ya viungo. Mama alipoona pakiti akaniuliza, "Mwanangu, hii si ya malaria?" Nikamjibu, "Ni ya ukoo huohuo, mama, ila hapa ina kazi nyingine." Sikumwambia kwamba kwa uchovu sikuitegemea sana: katika jaribio la Ufaransa lililochapishwa mwaka 2014, wagonjwa 120 walifuatiliwa kwa wiki 24, na dawa hiyo haikushinda kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani yake, si kwa ukavu, maumivu wala uchovu.

Kilichonisaidia ni kile nilichokikataa kwa muda mrefu kuliko vyote, yaani kutembea. Mazoezi ya taratibu ni miongoni mwa mambo machache ambayo utafiti umeonyesha kuwa hupunguza uchovu wa maradhi haya, ingawa kumwambia mtu aliyechoka kwamba akatembee ni kama kumtukana. Nilianza na dakika 7, alfajiri, barabara ya kwenda Raskazone, nikarudi kabla jua halijaniunguza macho. Sasa ni dakika 25. Siku ninayojisikia vizuri sizidishi, kwa sababu kila nilipozidisha nililipa kwa siku mbili za kulala.

Ramadhani sifungi. Sheikh wa mtaani alinieleza kwamba kwa mgonjwa asiyetarajia kupona imewekwa fidia, kulisha maskini mmoja kwa kila siku, naye akaongeza kwa upole kwamba kumeza mate hakubatilishi saumu. Nilicheka hadi akashangaa. Ikabidi nimweleze maradhi yangu upya, safari hii nikianzia na mate.