Sare yangu na mtu wa 1890

Sataranji niliijulia barazani Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, kwa wazee wanaocheza bao na dhumna baada ya laasiri. Ubao ule aliuleta ami yangu alipokuwa baharia, na ngome moja ilipotea zamani, mahali pake pakawekwa kifuniko cha soda. Pale watazamaji ndio wachezaji wakubwa. Ukimshika farasi, muuza kahawa anakwambia, "Mrudishe huyo, utaliwa," nawe unamrudisha, hakuna neno. Kwa miaka minane nilikuwa nawafunga karibu wote, nikajiona simba.

Mashindano ni kitu kingine. Nilikuwa nimeshacheza mawili kabla ya haya, nikapata alama za Elo, kipimo cha nguvu za mchezaji, 1468. Usizionee gere. Tangu Machi 2024 shirikisho la dunia, FIDE, limeweka kiwango cha chini kabisa kuwa 1400, kwa hiyo 1468 ni mtu aliyekaa karibu na mkeka. Haya ya tatu yalifanyika kwenye ukumbi wa shule moja kisiwani, siku mbili, raundi sita, kila mtu dakika 60 na nyongeza ya sekunde 30 kila anapocheza. Nikatazama orodha: katika watu arobaini na kitu, mimi nilikuwa wa thelathini na tatu. Wengine walikuwa wameshuka na treni ya SGR Miritini usiku wa kuamkia, wanaburuta mabegi, na bado walikuwa na nguvu za kutufunga.

Utaratibu wao ni ule wa Uswisi. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza nusu ya juu hukutana na nusu ya chini, baada ya hapo unapangiwa mwenye pointi kama zako. Maana yake kwa mtu kama mimi ni hii: ukifungwa unapewa mwepesi, ukishinda unarudishiwa simba.

Raundi ya kwanza niliiharibu kwa mkono wangu, kweli kweli kwa mkono. Nilikuwa sijambo, hatua ya 14, nikamgusa askofu huku nafikiria farasi. Mpinzani wangu, binti wa sekondari mwenye miwani, akanitazama tu. Kanuni inasema ukigusa umecheza, labda uwe umetangaza kwanza kwamba unaiweka kete sawa. Nami kwa mazoea ya baraza nilikuwa nagusa kila kitu kama mtu anayechagua maembe Marikiti. Askofu alikuwa na mahali pamoja tu pa kwenda, napo ni pa kufa. Hatua nane baadaye nikampa mkono.

Tangu hapo nikawa nakalia mikono. Si mfano wa maneno, nilikuwa nikiiweka chini ya mapaja mpaka niandike kwanza kichwani ninachotaka kucheza. Jambo dogo, lakini nadhani liliniokolea pointi kuliko mazoezi yote ya mwezi mzima niliyofanya kwa simu ndani ya feri ya Likoni, mafumbo ishirini ya Lichess, programu ya sataranji, kwenda na ishirini kurudi.

Raundi ya pili nilishinda, haina hadithi. Ya tatu ndiyo iliyonifunza. Mpinzani alikuwa na 1720, nikasema huyu nitamchosha: nitabadilishana naye kete zote, ubao ubaki mtupu, tugawane pointi. Watu wengi hufikiri hivyo wakikutana na aliyewazidi, na wengine hufikiri kinyume chake, kwamba uvuruge mambo mapema ili apotee. Yote mawili nimeyajaribu. Ukivuruga, yeye anaona mbali zaidi yako ndani ya vurugu hilo hilo. Ukibadilishana ovyo, unampeleka kwenye mwisho wa mchezo, na huko ndiko wenye alama nyingi walikojenga nyumba zao. Yule bwana alibaki na mfalme na askari watano, mimi vilevile, nikaona sare hii hapa. Mfalme wake alikuwa hatua moja tu mbele ya wangu. Hatua moja! Akapita katikati akala askari wangu kama mtu anayeokota kashata.

Usiku ule sikusoma ufunguzi wowote, yaani namna ya kuanza mchezo. Nilifungua mlango, upepo wa kusi ukaingia, nikasoma mwisho wa mchezo wa ngome kwa ngome, jambo moja tu: ulinzi wa Philidor, Mfaransa aliyeishi karne ya 18. Asubuhi sikula mahamri na mbaazi kama jana, maana raundi ya tatu nilikuwa nasinzia. Nilikula tende saba na kahawa tungu.

Raundi ya nne nikashinda, nikawa na pointi mbili. Ya tano nikapangiwa mtu wa 1890, bwana wa makamo, shati limenyooka licha ya joto. Tofauti yetu ilikuwa alama 422, na kwa hesabu ya FIDE mtu kama mimi anatarajiwa kuokota pointi 8 katika michezo 100. Alikuwa akicheza haraka, halafu anainuka kwenda kutazama meza nyingine. Mimi jasho lilikuwa likidondoka juu ya karatasi ya kuandikia hatua, feni iko mbali.

Hatua ya 28 nikapoteza askari. Hapo ndipo nilipojizuia. Moyo ulitaka nimvamie, nife kishujaa. Badala yake nikafanya kile kilichonishinda jana, ila safari hii kwa mpango: anayezidiwa abadilishane askari, asikimbilie kubadilishana kete kubwa. Kila askari niliyemwondoa alimpunguzia yeye wa kumfikisha mwisho wa ubao na kumfanya malkia. Kufikia hatua ya 52 alibaki na ngome na askari mmoja, mimi ngome peke yake.

Kila mraba huitwa kwa herufi ya safu na nambari ya mstari: askari wake yuko e5, mfalme wake d5, wangu nimemweka e8, mbele ya njia. Ngome yangu nikaiweka mstari wa sita na sikuitoa. Inakwenda a6, inakwenda b6, inarudi. Kwa kuwa ipo pale, mfalme wake hawezi kuvuka. Akazunguka, akatikisa kichwa, na mara hii hakuinuka kutazama meza za watu. Mwishowe akamsukuma askari e6. Hiyo ndiyo saa niliyokuwa naingojea: ngome ikashuka mbio mpaka mstari wa kwanza, nikaanza kumpigia cheki, yaani kumtishia mfalme wake, kutoka nyuma. Askari akiwa bado e5, mfalme wake angejificha e6. Sasa askari mwenyewe amekikalia kivuli hicho, hana pa kujikinga. Cheki, cheki, cheki. Akanyoosha mkono. Sare.

Tulipotoka nje kwenye mwembe akanionyesha, bila kiburi, kwamba hatua ya 41 alikuwa na ushindi wa wazi, akakosea kwa haraka. Sikuwa nimeuona. "Lakini ulijuaje ule mstari wa sita?" akaniuliza. Nikamwambia nimeusoma jana usiku. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Sare ile moja ilinipa alama 16.8, kwa sababu mchezaji ambaye hajafikisha michezo 30 hesabu yake, yaani alichopata ukitoa alichotarajiwa kupata, huzidishwa kwa 40. Raundi ya sita nilichoka, nikafungwa hatua ya 23. Pointi mbili na nusu kati ya sita.

Jumatatu nikaenda barazani. Muuza kahawa akauliza, "Haya, kombe li wapi?"

"Nimetoka sare na mtu wa 1890."

"Elfu moja mia nane na tisini ndiyo nini, bei ya mchele?"

Nikaupanga ubao vile vile, mfalme wangu e8, askari wake e5, na kifuniko cha soda nikakiweka mstari wa sita. Nikamwambia chukua wewe wenye askari, nifunge. Akaweka dele chini. Alijaribu mpaka ikaadhiniwa magharibi.